Tume, Bunge au Mahakama: Njia ipi ya kuchunguza mateso ya watoto katika makao ya serikali?

Makala haya ni kwa ajili ya watu wa Malindi, Lamu na vijiji vilivyo kati yao ambao utotoni waliwahi kukaa katika makao yanayoendeshwa na serikali, wakateswa humo, na sasa wanataka jambo hilo lichunguzwe rasmi. Ni kwa ajili pia ya wazazi, walimu na wazee wa mitaa waliopokea maneno ya watoto na wasijue wayapeleke wapi. Njia zipo zaidi ya moja. Mmoja atakwambia uandike ombi bungeni, mwingine atakutuma kwa Tume ya Haki za Binadamu, wa tatu atakutajia wakili, na wa nne atasema hakuna litakalofaa mpaka Rais aunde tume. Njia hizi hazifanani kwa nguvu, kwa kasi, wala kwa namna zinavyomlinda anayesema, na aliyeanza na isiyomfaa aweza kujikuta amejifungia nyingine.

Makao ninayoyazungumzia ni yale ambayo mtoto hupelekwa kwa amri ya mahakama au kwa mkono wa afisa wa watoto: rumande za watoto, ambazo moja iko Malindi, shule za kurekebisha tabia, kama ile ya Likoni, na vituo vya uokoaji. Yako chini ya serikali ya kitaifa kupitia Idara ya Huduma za Watoto. Kuyataja hapa si kuyatuhumu. Nayataja kwa sababu msomaji anapaswa kujua dhamana iko kwa nani, maana anayepeleka lalama la rumande kwa gavana amekosea mlango tangu mwanzo, ilhali kituo cha kulelea watoto wadogo kinachoendeshwa na kaunti hakika ni cha gavana kukijibia.

Jambo moja lazima litangulie. Ikiwa mtoto yumo ndani ya makao hivi sasa na anaumizwa, usifikirie tume wala ombi la bunge. Piga simu 116, ambayo ni ya watoto na haitozwi, au nenda kwa afisa wa watoto wa eneo lako, au kituo cha polisi penye dawati la jinsia, na umfikishe mtoto hospitalini ili aliyoumizwa yaandikwe na daktari siku hiyo hiyo. Yote yatakayofuata hapa yanahusu kuchunguza mfumo na yaliyopita, na hayo huchukua muda ambao mtoto aliye hatarini hana.

Kwetu pwani kuna kipimo ambacho huwezi kukikwepa ukizungumzia mambo haya, nacho ni stara. Familia nyingi hunyamaza si kwa kutojali, bali kwa kuona kwamba kumwanika mtoto aliyedhalilishwa ni kumuumiza mara ya pili, na katika mji kama Lamu, ambako habari ikitoka Langoni asubuhi huwa imefika Mkomani kabla ya adhuhuri, hofu hiyo ina msingi. Naiheshimu. Lakini stara hiyo hiyo imetumika mara nyingi kuwafunika wasiostahili kufunikwa: mlezi aliyepiga, msimamizi aliyejua, ofisi iliyopokea barua ikaikalia. Kwa hiyo katika kulinganisha nitauliza swali moja kabla ya mengine yote: njia hii inamsitiri aliyeumizwa, au inamsitiri aliyeumiza?

Njia nne juu ya msiba mmoja

Watu wa Malindi hawahitaji kwenda mbali kuona jinsi njia hizi zinavyotofautiana. Mwaka 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, walikokuwa wakiishi wafuasi wa dhehebu moja la dini, na idadi yake ikapita 400, wengi wakiwa watoto, nchi ilijaribu karibu kila aina ya uchunguzi iliyo nayo. Hapakuwa makao ya serikali, na kesi zake zina mkondo wake ambao si kazi ya makala haya kuutangulia. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa hili hili letu: vyombo vya serikali vilijua nini kuhusu watoto wale, na vilifanya nini?

Rais aliunda tume ya uchunguzi mwezi wa Mei 2023 chini ya Jaji Jessie Lesiit. Kwa maandishi, hiyo ndiyo njia yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa tume ya namna hiyo huundwa kwa mujibu wa sheria maalumu, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ina uwezo wa kuwaita mashahidi na kuwaapisha. Hata hivyo uundwaji wake ulipingwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikaisimamisha kabla haijafanya kazi iliyokusudiwa. Seneti nayo iliunda kamati maalumu iliyoongozwa na Seneta Danson Mungatana wa Tana River, na kufikia Oktoba mwaka huo huo ripoti yake ilikuwa tayari. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilifanya uchunguzi wake ikautoa Machi 2024. Ripoti hizo mbili zilikubaliana juu ya jambo zito, kwamba maafisa walipata maonyo mapema wasichukue hatua iliyopasa. Upande wa mahakama, Februari 2024 washtakiwa walisomewa katika Mahakama Kuu ya Malindi mashtaka ya kuua watoto 191.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwamba njia iliyokuwa na jina kubwa zaidi ndiyo iliyokwama, na zile ambazo wengi huzidharau kwa kuona hazina meno ndizo zilizoandika yaliyotokea huku mashahidi wakiwa bado wanayakumbuka. Sisemi kwamba tume ya rais haifai kamwe. Nasema kwamba anayeiweka kuwa tegemeo lake la pekee anaweka shauri lake mikononi mwa mtu mmoja wa kuiteua, na mikononi mwa yeyote atakayeamua kwenda mahakamani kuipinga. Hata ikimaliza kazi, ripoti yake humwendea aliyeiteua. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo iliundwa kwa sheria ya bunge na kukusanya taarifa za watu zaidi ya 40,000 kutoka pembe zote za nchi, ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na waliozungumza mbele yake bado wanaulizia mapendekezo yaliyomo.

Ayalandi na Australia: faragha iliyomfaa nani?

Kwa kuwa Kenya haijawahi kuwa na uchunguzi mkubwa wa kitaifa unaohusu makao ya watoto peke yake, anayetaka kuomba mmoja analazimika kutazama wenzetu walivyofanya, na hapa ndipo pana mafunzo mengi kuliko kwingine kote. Nchi mbili nazilinganisha kwa kirefu kwa sababu zote mbili zilijaribu kutatua tatizo la stara, zikafika mahali tofauti.

Ayalandi ilianza mwaka 1999, Waziri Mkuu wake alipoomba radhi kwa waliolelewa katika zile zilizoitwa shule za viwanda, yaani shule za bweni za watoto maskini na waliotelekezwa, ambazo mashirika ya dini yaliziendesha huku serikali ikizigharimia na kuzikagua. Tume iliyoundwa mwaka 2000 iligawanywa kamati mbili. Kamati ya Uchunguzi iliwahoji wote wawili, mlalamikaji na mtuhumiwa, wakiwa na mawakili. Kamati ya Siri iliwasikiliza waliotaka kusema tu, bila kuhojiwa kwa ukali na bila kukutana uso kwa uso na aliyewatesa. Watu 1,090 walichagua hii ya pili. Huo ulikuwa mpango wa busara, na ningependa mtu yeyote anayeandaa ombi hapa kwetu auchukue kama ulivyo.

Yaliyoharibika ni mengine. Mwenyekiti wa kwanza, Jaji Mary Laffoy, alitangaza kujiuzulu mwaka 2003 akilalamikia jinsi serikali ilivyoshughulikia kazi ya tume yake. Shirika moja la mabradha lilikwenda mahakamani ili wanachama wake wasitajwe, na hatimaye ripoti iliyotoka Mei 2009 chini ya Jaji Seán Ryan, yenye juzuu tano, iliwapa watuhumiwa majina ya bandia. Bodi ya fidia nayo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 na kuwalipa watu zaidi ya 15,000, ilikuja na sharti la kutotangaza mambo ya shauri lako, na kulivunja ni kosa la jinai. Tazama ilivyogeuka: mtesaji amesitiriwa kwa jina la bandia, na aliyeteswa amelipwa na kufungwa mdomo. Kwa kipimo nilichokiweka, Ayalandi ilianza vizuri ikamalizia upande usio wake.

Australia ilikuja baadaye na ilikuwa imejifunza. Tume ya Kifalme, ambalo ndilo jina la tume rasmi za uchunguzi huko, iliyoanza kazi mwaka 2013 chini ya Jaji Peter McClellan ilibadilishiwa sheria ili iweze kufanya vikao vya faragha, ambamo mtu alikaa na kamishna mmoja au wawili, akasema bila kiapo na bila wakili wa upande wa pili. Vilifanyika vikao zaidi ya 8,000, vingine ndani ya magereza, kwa kuwa wengi waliovunjwa utotoni waliishia huko. Sambamba na hivyo zilisikilizwa kesi 57 za hadharani, na huko taasisi zilitajwa kwa majina na wakuu wake wakaulizwa maswali mbele ya kamera. Taarifa 2,575 zilipelekwa polisi na kwa mamlaka nyingine. Ripoti ya mwisho ilitolewa Desemba 2017 ikiwa na juzuu 17, na mpango wa fidia wa kitaifa ukaanza Julai 2018, kiwango cha juu kikiwa dola 150,000 za nchi hiyo.

Aliyeumizwa alisema faraghani. Taasisi ilijibu hadharani. Sijaona mpangilio unaotufaa zaidi watu wa pwani. Una upungufu mmoja ambao lazima niutaje: tume ile ilichunguza unyanyasaji wa kingono pekee, na mtu aliyepigwa, aliyelazwa njaa au aliyefungiwa kizani miaka mitatu bila kuguswa kwa namna hiyo alijikuta yuko nje ya hadidu za rejea, yaani mipaka ya kazi iliyopewa tume, nje ya fidia pia. Katika rumande na shule za kurekebisha tabia, kipigo na kutengwa ndiyo mambo ya kuulizia kwanza. Anayeandika ombi na kutaja aina moja tu ya madhara atawaacha nje wenzake wengi.

Nyuzilandi haikurudia kosa hilo. Kwanza, kati ya 2008 na 2015, iliweka huduma ya kusikiliza iliyopokea watu zaidi ya elfu moja na kuwasaidia kupata ushauri na majalada yao, bila mamlaka ya kuchunguza wala kumwita mtu yeyote. Waliosikilizwa walishukuru, lakini serikali haikulazimika kujibu lolote. Ikabidi iundwe Tume ya Kifalme mwaka 2018 yenye mamlaka kamili, iliyojumuisha mateso ya kila aina. Ripoti yake ya Julai 2024 ilikadiria kwamba kati ya watu 655,000 waliopitia uangalizi wa serikali na wa taasisi za dini tangu 1950, takriban 200,000 walinyanyaswa, na Waziri Mkuu akaomba radhi rasmi bungeni mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Kusikilizwa bila mamlaka kunaponya kiasi, hakubadilishi makao.

Nani achunguze: wa karibu au wa mbali?

Baadhi ya wenzetu hapa hupendelea uchunguzi wa kaunti, kwa hoja kwamba wa karibu anaijua hali. Hoja hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyosikika, na mfano wa Wales kaskazini unaonyesha kwa nini. Baraza la kaunti ya Clwyd liliagiza uchunguzi juu ya makao yake lenyewe ya watoto, na ripoti ya John Jillings ilipokamilika mwaka 1996, nakala zake ziliharibiwa kwa sababu kampuni ya bima ya baraza iliogopa kwamba wakiisoma wahusika watadai fidia. Umma uliiona mwaka 2013, tena ikiwa imefutwafutwa. Serikali kuu ililazimika kuunda baraza la uchunguzi chini ya Jaji Ronald Waterhouse, lililopokea maelezo ya watu zaidi ya 650 na kutoa ripoti Februari 2000 yenye mapendekezo 72. Makao yalikuwa yale yale na watoto ni wale wale. Tofauti ni kwamba mchunguzi wa kwanza alikuwa ameajiriwa na atakayelipa.

Jersey nayo yapaswa kusomwa kwa makini na watu wa Lamu. Ni kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa, chenye wakazi wapatao laki moja, wakati kaunti nzima ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 mwaka 2019. Huko, kama hapa, penye wengi pana mengi lakini penye wachache wote ni jamaa: polisi amesoma na mlezi, hakimu ameoa kwao meneja. Tume iliyochunguza makao ya serikali ya kisiwa hicho, likiwemo lile la Haut de la Garenne lililofungwa mwaka 1986, iliongozwa na Frances Oldham, wakili kutoka Uingereza, na wajumbe wenzake hawakuwa watu wa kisiwani. Iligharimu takriban pauni milioni 23, fedha nyingi kwa mahali padogo, na wapo wakazi waliolalamika. Naona walichopata kina thamani hiyo, kwani ripoti ya Julai 2017 ilisema waziwazi kwamba mazoea ya kulindana ya watu wenye vyeo yaliwaweka watoto hatarini kwa miongo. Kisha tume ikafanya jambo ambalo tume nyingi hazifanyi: ilirudi kisiwani baada ya miaka miwili na kuandika ripoti ya pili juu ya kilichotekelezwa na kilichoachwa.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama wachunguzi wawe wa hapa au wageni, nasema wachunguzi watoke nje ya kaunti, mahali pa kusikilizia pawe hapa. Mzazi wa Faza au Kiunga ambaye kwake kufika Mokowe tu ni safari haiwezekani aitwe Nairobi kutoa ushahidi. Na lugha iwe ya msemaji, kwa mkalimani wa Kibajuni au Kigiriama pale inapobidi, kwa sababu mambo ya utotoni mtu huyasimulia kwa lugha aliyoumizwa nayo.

Juu ya fidia nitasema kwa ufupi. Ayalandi ya Kaskazini ilichunguza taasisi 22, likiwemo nyumba ya wavulana ya Kincora iliyokuwa ya serikali, na Jaji Anthony Hart akatoa ripoti Januari 2017 akipendekeza fidia na kuombwa radhi. Wiki hiyo hiyo serikali yao ilikuwa imevunjika. Sheria ya fidia ilipitishwa Novemba 2019, miezi michache baada ya jaji mwenyewe kufariki, na radhi iliombwa Machi 2022. Walalamikaji waliokuwa wazee walizikwa kabla ya hapo. Ombi lolote likitaja fidia, liombe malipo ya mwanzo kwa wazee na wagonjwa bila kungoja ripoti ya mwisho.

Kurudi nyumbani: zilizopo kwa sasa

Ombi bungeni ndiyo njia inayomgharimu mtu kidogo kuliko zote. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake, na kwa kuwa Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, hakuna haja ya kumlipa mtu akuandikie kwa Kiingereza. Rumande na shule za kurekebisha tabia ni za serikali ya kitaifa, hivyo Bunge la Taifa ndilo la kuelekezewa kwanza. Kituo cha kaunti kinaelekezwa kwa bunge la kaunti au Seneti. Kamati zina uwezo wa Mahakama Kuu wa kuwaita mashahidi na kudai hati, chini ya kifungu cha 125, na muda wao wa kujibu ombi huhesabiwa kwa siku, si kwa miaka. Udhaifu wake ni stara. Mbunge ni mtu wa siasa, kikao hupeperushwa moja kwa moja, na ombi lenyewe husomwa hadharani likiwa na jina la aliyeliandika. Aliyeumizwa asiandike ombi kwa jina lake peke yake. Waandike watu wazima walio tayari kujulikana, au chama cha wazazi, na wasitaje jina la mtoto yeyote mahali popote.

KNCHR ina ofisi Mombasa, hupokea malalamiko bila malipo, nayo imepewa na Katiba uwezo wa kutoa hati za kuwaita mashahidi. Maelezo hutolewa faraghani. Haiwezi kumfunga mtu wala kumlazimisha waziri alipe, na hilo huwakatisha tamaa wengi, lakini kwa jambo linalohitaji kwanza watu waseme bila kuanikwa, sioni nyingine inayoikaribia. Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, inafanana nayo kiasi, ila inafaa zaidi pale tatizo lilipo ni ofisi kutojibu barua, kupoteza jalada au kumzungusha mzazi.

Mahakama ndiyo pekee yenye neno la mwisho. Huamuru fidia, humtia mtu hatiani, na amri yake hailazimiki kusubiri mwanasiasa aipende. Lakini ina masharti mawili ambayo watu huyajua wakiwa wamechelewa. La kwanza ni muda: kesi ya madai ya kawaida ya madhara dhidi ya Serikali hupewa miezi 12 tu, na ingawa umri mdogo wa aliyeumizwa una nafasi yake katika kuhesabu, wakili ndiye wa kuulizwa hilo, tena mapema. Ombi la kikatiba la kuvunjwa kwa haki halina ukomo wa namna hiyo, na ndiyo maana waliofanyiwa mateso Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, waliweza kufidiwa miaka mingi baadaye, ila mahakama itakuuliza umekawia kwa nini. La pili ni kwamba KNCHR hairuhusiwi kuchunguza jambo ambalo tayari liko mahakamani. Anayekimbilia kufungua kesi kwa hasira amejifungia njia ya faragha kabla hajaitumia.

Basi chaguo linategemea uko wapi. Mtu mmoja aliyeumizwa karibuni, mwenye hati za daktari na anayemjua aliyemtenda, aende polisi na amwone wakili ndani ya wiki, asisubiri wenzake. Kundi la watu wazima ambao yao ni ya miaka mingi nyuma, na ambao hawajawahi kuyasema popote, waanze na KNCHR, kila mmoja kwa wakati wake na bila kulazimishana. Maelezo yakishakuwa salama ndipo wapeleke ombi bungeni, na ndani yake waombe mambo kwa kuyataja: wachunguzi kutoka nje ya kaunti, vikao vya faragha kwa waliolelewa humo na vya hadhara kwa wakuu wa idara, mateso ya kila aina na si ya aina moja, mafungu ya fedha kwa ushauri nasaha, na tarehe ambayo kamati itarudi Malindi na Lamu kueleza lililotekelezwa. Tume ya rais waiombe pia wakitaka, ila isiwe sababu ya kukaa kungoja.

Wanaofikiria kusema mara nyingi, kwa kila anayewauliza, nawasihi wasifanye hivyo. Andika mara moja, kwa utulivu, ukiwa na mtu unayemwamini. Weka tarehe, utie saini, hifadhi nakala mbili mahali tofauti. Simulizi lililotolewa mara tano kwa watu watano halikosi kupishana hapa na pale, na wakili wa upande wa pili atashika pale palipopishana akaacha palipolingana.

Na njia yoyote utakayoichagua, hati zitafutwe kwanza. Kuingia na kutoka kwa mtoto katika makao huandikwa katika rejista. Amri ya mahakama iliyompeleka ina namba. Zahanati alikotibiwa ina kitabu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa wa umma ajibu ombi la habari ndani ya siku 21, na akikataa au akinyamaza, lalama hupelekwa kwa Ombudsman. Barua hiyo haihitaji wakili wala kueleza kwa nini unataka jalada lako. Iandike kwa Idara ya Huduma za Watoto na kwa makao yenyewe kwa pamoja, uipeleke kwa mkono, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka pale ofisini.